Wiki Tatu Zisizo Zake

Kosa lenyewe ni hili. Mbele ya watu saba, katika chumba cha mikutano cha hospitali, mkuu wa chumba cha hadubini alisimama akasema kwamba wiki tatu za vipimo vibovu zilikuwa za mwosha vioo, na miezi minane ya vipimo safi ilikuwa yake yeye. Ukweli ulikuwa kinyume, kama shati lililogeuzwa ndani nje. Wiki tatu zilikuwa zake, miezi minane ilikuwa ya mwosha vioo. Na aliyesema hayo hakuwa mtu baki. Alikuwa shemeji yake, mume wa marehemu dada yake, mwanamume ambaye mwosha vioo alimpikia, akamfulia, na kumlelea mtoto wake wa pekee tangu binti huyo ana miaka sita mpaka alipoolewa.

Hospitalini walimwita Mama Vioo. Jina hilo alipachikwa na karani wa dirishani, yule anayepokea vikombe vya choo kutoka kwa wagonjwa, mtu mwenye mzaha mwingi na moyo mdogo. Kila asubuhi alimsukumia trei ya vikombe na kumuuliza, "Mama Vioo, leo tunaanza na choo cha nani? Cha tajiri au cha maskini?"

"Lete tu," Mama Vioo alikuwa akimjibu. "Vikifika humu ndani vyote vinanuka sawa."

Chumba cha hadubini kilikuwa mwisho kabisa wa ukumbi, baada ya stoo ya mashuka, kwa sababu hakuna aliyetaka kupakana nacho. Kilikuwa na dirisha moja, masinki mawili, rafu ya chupa za dawa, meza ndefu iliyobabuka kwa dawa hizo, na hadubini moja iliyofunikwa kitambaa alichokishona Mama Vioo mwenyewe. Kazi aliyoletwa na shemeji kuifanya ilikuwa moja tu: kuosha vile vioo vyembamba vinavyopakwa choo, kuvisuuza mara tatu, kuvifuta kwa kitambaa laini na kuvipanga bila kuvishika usoni. "Ni kazi ya mikono, shemeji," aliambiwa siku ya kwanza. "Haina masomo." Mama Vioo alikuwa ameishia darasa la pili. Alijua kuandika jina lake na kuhesabu, basi.

Lakini shemeji mtu alikuwa na siri. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Mtu wa hadubini asiye na macho huhamishiwa stoo kuhesabu mashuka, na yeye alikuwa amezoea kuitwa mtaalamu. Kwa hiyo siku moja, mwaka wa pili tangu amlete, alisema kama mtu anayeomba chumvi, "Hebu niangalizie hapa, shemeji. Kile ni kitu au ni uchafu?"

Mama Vioo akaangalia. Kilikuwa kitu.

Kesho yake akaombwa tena, na kesho kutwa, mpaka kiti cha hadubini kikawa cha Mama Vioo na kiti cha daftari kikawa cha shemeji. Mlango ukafungwa kwa komeo. Mtu akigonga, wanabadilishana viti upesi, yeye anarukia beseni la vioo na shemeji anainamia hadubini, anakunja uso kama anaona. Waliizoea michezo hiyo kama wezi wawili waliozeeka pamoja. Miaka kumi na miwili.

Kwa kuwa hakuyajua majina ya kidaktari, Mama Vioo aliwapa wadudu aliowaona majina yake. Yai lenye vizibo huku na huku aliliita pipa. Yai la mnyoo mkubwa, lile lenye matuta matuta, aliliita kiazi. Yai la minyoo ya safura, ambalo ganda lake ni jembamba na ndani kunaonekana, lilikuwa kidirisha. Yule mdudu wa kuhara, giadia, mwenye uso na macho mawili yanayokukodolea alimwita bundi. Yeye anataja, shemeji anaandika jina refu. "Bundi, wengi." Kalamu inakwaruza. "Kidirisha, viwili." Kalamu inakwaruza. Mwandiko wa shemeji ulikuwa mzuri sana, hilo asinyimwe.

Kazi iliyompa Mama Vioo heshima mbele ya nafsi yake ilikuwa amiba. Amiba akijikunja ndani ya ganda lake ni kiduara tu, na viduara vimejaa kwenye choo cha mtu. Lazima udondoshe dawa ya kahawia, ungoje kidogo, kisha uzungushe skurubu ndogo ya pembeni polepole kwa kidole gumba, kwa sababu viini vyake havikai sakafu moja. Ukizungusha, kimoja kinatokea na kingine kinazama. Mama Vioo alikuwa akihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, kama anahesabu vifaranga. Viini aliviita macho. Wenye macho manane aliwaona wapole, wapangaji wasiosumbua, wanakaa tumboni mwa mtu na kwenda zao. Wenye macho manne ndio waliotisha, maana humo ndimo anamotoka yule anayekula utumbo mpaka damu. Kumtofautisha wa manne na wa manane kunataka kidole chenye subira na jicho zima. Shemeji alikuwa na kidole. Jicho hakuwa nalo.

Ndipo akaja mtafiti.

Alikuwa daktari mwanamke, kijana bado, miwani mikubwa, mwendo wa haraka, mwenye adabu kwa kila mtu. Alileta mashine ndogo kama jiko la mezani, akaiweka chumba cha jirani, ile stoo ya mashuka iliyopishwa kwa ajili yake, akataka kila kikombe kigawanywe mara mbili: nusu ipite kwenye hadubini, nusu itiwe kwenye kichupa cha spiriti na kuwekwa ndani ya friji, ili baadaye isomwe na mashine. Mwishoni angelinganisha hadubini na mashine aone nani anaona zaidi.

Mama Vioo alipewa kumwoshea vifaa, na kwa kuwa yule daktari alipenda kuongea akifanya kazi, waliongea.

"Mama, unajua hii inafanya nini?"

"Naona inapika."

Daktari akacheka mpaka akavua miwani. "Umekaribia. Inapasha, inapoza, inapasha, inapoza, mara arobaini." Akamweleza kwamba kila kiumbe ana vinasaba, maandishi madogo kabisa ya ukoo wake, na mdudu akiwa tumboni maandishi yake hutoka na choo hata kama mwenyewe haonekani. Mwanzo unakivunja kile kinyesi kwa dawa na kukitikisa na vijiwe vidogo mpaka maganda yapasuke, kisha unayaosha maandishi hayo yatengane na uchafu, maana choo kina vitu vinavyoizuia mashine isifanye kazi. Halafu unatia dawa inayotafuta maandishi ya ukoo mmoja tu. Ikiyapata, kila joto linapopanda na kushuka yanaongezeka maradufu, na kwenye kioo cha mashine mstari unanyanyuka. Yakiwa mengi, unanyanyuka mapema. Yasipokuwepo, unalala chini mpaka mwisho.

"Kwa hiyo haioni sura," Mama Vioo alisema.

"Haioni kabisa. Inasoma ukoo."

"Na ukisahau kuiuliza ukoo fulani?"

Daktari alivaa tena miwani. "Basi haitakwambia."

"Basi ni kama karani wa dirishani," Mama Vioo alisema. "Usipouliza, hajui."

Mambo yakaenda hivyo miezi mitano. Mama Vioo anasoma, shemeji anaandika, daktari anajaza vichupa. Mwezi wa sita binti wa shemeji akajifungua kwa kisu. Shemeji alimwita Mama Vioo pembeni, sauti ya chini, uso wa baba mwenye wasiwasi.

"Shemeji, mtoto wako yuko kitandani, hawezi hata kujigeuza. Nani mwingine wa kukaa naye kama si wewe? Kazini nitajikaza."

"Na vioo?"

"Nimesema nitajikaza."

Akaenda. Wiki tatu alilala sakafuni kando ya kitanda cha binti, nyumbani kwa shemeji, akimwosha kidonda, akimshika mkono kwenda msalani, akibembeleza kitoto kinacholia kama paka. Jioni shemeji akirudi alikuta maji ya kuoga yako tayari na chakula kimefunikwa. Hakuwahi kusema neno juu ya vioo. Mama Vioo naye hakuuliza, na hilo amejilaumu nalo, ingawa si yeye wa kulaumiwa.

Katika wiki ya pili ya hizo tatu, mwalimu mmoja wa shule ya msingi alipeleka kikombe chake dirishani. Alikuwa anaharisha damu. Jibu liliandikwa kwa mwandiko ule mzuri: hakuna kilichoonekana. Akapewa dawa ya kitu kingine. Mwezi haujaisha akarudi amebebwa, ini limejaa usaha, akatobolewa ubavu. Alipona, lakini sauti ya kufundishia haikurudi, na mpaka leo anatembea ameshika ubavu kama mtu anayezuia kitu kisidondoke.

Mama Vioo alirudi kwenye kiti chake na kumaliza miezi mitatu iliyobaki.

Sasa mashine ikaanza kusoma vile vichupa, na mtafiti akaitisha mkutano. Watu saba mbali na shemeji: mganga mkuu wa hospitali, mtafiti, muuguzi mkuu, katibu, na mafundi watatu wa maabara. Mama Vioo aliitwa kuleta chai. Alikuwa amesimama na trei mlangoni.

"Miezi minane," mtafiti alisema, "hadubini na mashine zimekwenda karibu sambamba. Sijapata kuona hadubini nzuri namna hii. Lakini katikati kuna wiki tatu ambazo hazieleweki. Mashine inasema giadia, daftari linasema hakuna. Mashine inasema hakuna, daftari linasema amiba. Na yumo mgonjwa aliyeumia. Ni kama aliyesoma ni mtu mwingine."

"Ni mtu mwingine," shemeji alisema.

Alisema kirahisi mno. Baadaye Mama Vioo alikuja kugundua kwamba mtu hawezi kusema kirahisi vile kitu ambacho hajalala nacho siku nyingi.

"Mwezi ule binti yangu alijifungua kwa kisu," shemeji aliendelea. "Mimi nilikaa naye nyumbani wiki tatu, sikuwa na mtu wa kunisaidia. Nikirudi jioni kutazama daftari, nilikuta majibu kwenye vikaratasi, nikayanakili nikidhani ni ya fundi. Kumbe mwosha vioo alikuwa amejikalisha kwenye hadubini." Akaelekeza kidole mlangoni. "Huyo hapo."

Hakumpora miezi yake tu. Alimpora hata kidonda alichokiosha, hata sakafu aliyolalia.

Mama Vioo aliweka trei mezani, vikombe vikagongana. "Shemeji, wiki zile nilikuwa nyumbani kwako."

"Mnaona?" shemeji aliwageukia wale wakubwa, karibu anacheka. "Ananiita shemeji ndani ya kikao. Kujisahau huku ndiko kulikomfikisha kwenye hadubini."

Mmoja wa mafundi alicheka kweli. Mganga mkuu aliuliza kama kuna kitabu cha mahudhurio. Katibu akasema vibarua hawatii sahihi. Mama Vioo akasema muulizeni karani wa dirishani, yeye ndiye anayenipa vikombe kila asubuhi. Karani akaitwa. Akasimama, akajikuna shingo, akamtazama shemeji, akatazama sakafu.

"Mimi naona dirisha tu, waheshimiwa," alisema. "Ndani sioni."

Siku hiyohiyo Mama Vioo aliambiwa aache ufunguo na aproni.

Habari ilimtangulia mtaani. Kwenye bomba la maji, wanawake waliokuwa wakimpisha walimpa kisogo. Dukani, muuza sabuni alimwambia, "Leo sabuni sina," huku sabuni imepangwa nyuma yake mpaka darini. Kaka wa yule mwalimu alimkuta njiani, akatema mate kando ya miguu yake, akawaambia wenziwe kwa sauti, "Huyo ndiye aliyemsomea mwalimu. Darasa la pili! Anasoma matumbo ya watu kama anachagua mchele." Mama Vioo akapita zake. Angejibu nini? Kwamba kweli alisoma, lakini si siku ile? Nusu ya utetezi wake ilikuwa ni kukiri.

Alitaka kitu kimoja tu kuanzia siku hiyo. Kazi hakuitaka, hata msamaha hakuutaka. Alitaka isemwe, kwa sauti, na mtu anayesikilizwa, kwamba mwalimu hakuumizwa naye.

Akaenda kwa binti. Alimkuta ameketi barazani ananyonyesha, mtoto amenona, mguu mmoja unarusharusha.

"Mwanangu, nenda kwa mganga mkuu ukamwambie nani alikuosha kidonda."

Binti alimtazama mtoto. "Mama mdogo, unataka nimseme baba yangu?"

"Sitaki umseme. Taja mimi tu. Sema nilikuwa hapa."

"Nikikutaja wewe nimemsema yeye."

"Nilikuwa hapa au sikuwa?"

"Ulikuwepo. Nani kakataa?" Macho yakamjaa maji, lakini ulimi ulibaki mkavu. "Baba akifukuzwa atakuja kukaa kwangu, na macho yenyewe ndiyo yale. Nitamlisha, nitamwongoza njia. Wewe una mikono yako, utaosha popote. Yeye ana jina tu."

"Kwa hiyo ulijua kwamba haoni."

"Nimejua tangu niko shule," binti alisema. "Alikuwa akinipa barua nimsomee, anasema kichwa kinamuuma."

Mama Vioo alinyanyuka. Kitoto kiliachia ziwa kikamwangalia. Alikuwa wa pili kukishika duniani baada ya mkunga. Akaondoka bila kuaga, na hakurudi tena pale.

Mtafiti ndiye aliyekuja mwenyewe, mchana wa jua kali, akiulizauliza nyumba kwa nyumba mpaka akafika kwenye chumba cha Mama Vioo. Alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa maana kiti kilikuwa na nguo za watu, akatoa karatasi zilizochorwa mistari.

"Mama, nina swali moja. Macho manane ni nini?"

Mama Vioo alimtazama kwa wasiwasi. "Umelitoa wapi neno hilo?"

"Ukutani. Kuna ukuta mwembamba kati ya chumba chako na changu. Nilikuwa nikikusikia unahesabu. Nilidhani unahesabu vioo." Akageuza karatasi. "Kwenye daftari, amiba wa viini vinane ameandikwa mara mia na kumi na moja katika miezi minane. Wiki zile tatu hakuandikwa hata mara moja. Hata mmoja! Kila kiduara kimeitwa amiba mbaya, au kimeitwa hakuna. Aliyesoma wiki zile hakuweza kuhesabu viini. Na wiki zile ukutani kulikuwa kimya, na vifaa vyangu nilijioshea mwenyewe; kikaoni sikuziunganisha tarehe."

Daftari lile lilikuwa na mwandiko mmoja na wasomaji wawili, na ilibidi aje mgeni asiyejua ndugu wala jamaa ndipo liligundulika hilo.

Keshoye, siku ya mapumziko, mtafiti alimpitisha mlango wa nyuma, akamkalisha mbele ya hadubini na kumpa vioo ishirini alivyovitayarisha mwenyewe, vimetiwa namba. Mama Vioo alivisoma vyote. Bundi. Pipa na kiazi pamoja. Macho manane. Macho manne. Kwenye kimoja alisema, "Yai hili lina mwiba ubavuni," na mtafiti akasema mashine haikuona kitu humo, akainama kuangalia, akaona mwiba. Mashine haikuwa imeulizwa ukoo huo.

Lakini kati ya vioo vinne alivyoviita macho manne, mashine ilisema vitatu si vya yule mbaya.

"Basi nilikosea," Mama Vioo alisema, akawakumbuka watu wote wa miaka kumi na miwili waliomeza dawa chungu kwa neno lake.

"Hukukosea. Wako wawili, mmoja anaua na mmoja hana neno, na wakiwa ndani ya ganda hakuna jicho duniani linaloweza kuwatofautisha. Wana sura moja. Ndiyo maana tumeleta mashine." Akaweka kalamu chini. "Mama, nimesoma vyuo vitatu. Sijafundishwa na mtu anayehesabu kama wewe."

Shemeji naye aliombwa, kwa adabu, asome vioo vilevile ishirini. Alisema miwani imevunjika. Wiki iliyofuata alisema bado iko kwa fundi.

Mama Vioo alidhani sasa yamekwisha. Mganga mkuu alimwita ofisini, akafunga mlango, akamkaribisha kiti. Alimwita mama. Alisema mtafiti amemweleza yote na yeye ameamini yote.

"Basi sema," Mama Vioo alisema.

"Nikisema nini? Kwamba miaka kumi na miwili hospitali yangu imewapima watu kwa macho ya kibarua aliyeishia darasa la pili, mlango umefungwa kwa komeo? Kesho watajaa hapo nje kila mtu na kikombe chake."

"Waje. Nilisoma sawa."

"Si suala la sawa, mama. Ni suala la utaratibu."

"Na mwalimu je? Ubavu wake ni suala la utaratibu?"

Mganga mkuu alisogeza karatasi ambazo hazikuhitaji kusogezwa. Alisema mwalimu amehudumiwa. Alisema mambo yameanza kutulia, na yakichokonolewa atakayeumia ni hospitali. Alisema nafasi yake ya kuosha vioo ipo, anaweza kurudi hata Jumatatu, mradi yaliyopita yamepita.

"Nirudi nimwoshee nani vioo? Yeye?"

"Ataendelea kuwa mkuu wa chumba, ndiyo."

Mama Vioo alisimama. Alimwambia kwamba mikono yake haiwezi kunuka kitu kibaya kuliko maneno aliyoyasikia humo ndani, na yeye ni mtu aliyeshinda miaka kumi na minne kwenye choo. Akatoka. Muuguzi mkuu aliyekuwa koridoni alijitia kufunga kamba za viatu, viatu vyenyewe havina kamba.

Ripoti ya mtafiti ilitoka baada ya miezi kadhaa. Aliyemletea habari ni yule karani, alikuja akiwa ameficha nakala ndani ya shati, hana mzaha hata chembe. Alimsomea mlangoni, kidole chini ya mstari, kwamba vioo vyote vilisomwa na mtaalamu mzoefu wa hospitali, na kwamba wiki tatu ziliondolewa kwenye hesabu kwa sababu ya hitilafu za kikazi.

"Mtaalamu mzoefu ni nani?" Mama Vioo aliuliza.

"Hawajataja."

"Na hitilafu ni nani?"

Karani alikunja karatasi. "Mama Vioo, siku ile nilikuwa na woga. Nina watoto."

"Mimi nilikuwa na nini?"

Alimfungia mlango. Ni kweli mtafiti alimwandikia barua baadaye, ndefu, ya majuto. Alisema bila kibali cha mganga mkuu utafiti wote ungezuiwa, na utafiti huo utasaidia watu wengi. Huenda utasaidia. Mama Vioo alisomewa barua hiyo na jirani, akaiweka chini ya godoro, hakumjibu. Mtu aliyeweza kusikia macho manane kupitia ukutani alikuwa na masikio ya kutosha kujua anachokinyamazia.

Shemeji amepandishwa cheo. Sasa ndiye msimamizi wa mashine, kazi inayomfaa kipofu, maana mistari ya kwenye kioo chake ni minene na ya rangi, na asipoiona vizuri yupo fundi wa kumsomea. Ukutani mwake kuna cheti chenye jina lake. Akikutana na Mama Vioo njiani hampiti kimya, la, husimama na kusema kwa sauti ya huruma, wapita njia wasikie, "Shemeji, hujambo? Mimi sina kinyongo na wewe." Mara ya mwisho Mama Vioo alimjibu, "Kinyongo kiko kwangu, nimekifuga mwenyewe, wewe hukijui hata kwa sura. Na sura zenyewe huzioni."

Sasa anafua nguo za watu mtaa wa pili, ambako jina la Mama Vioo halijafika sana.

Na wanaodaiwa wanajulikana. Mtafiti anadaiwa mstari mmoja katika ripoti yake, nao si mrefu. Mganga mkuu anadaiwa kumwita mwalimu ofisini, amkalishe kwenye kile kiti, na amwambie nani aliandika kwamba hakuna kilichoonekana. Binti anadaiwa maneno matatu: mama mdogo alikuwepo. Shemeji anadaiwa zaidi ya wote. Anatakiwa arudi kwenye chumba kile, mbele ya wale saba, pasipo kukunja uso wala kutafuta miwani, na azitaje wiki zake tatu kuwa zake. Hajalipa. Mwalimu bado anavuka barabara akimwona Mama Vioo, ameshika ubavu.